Mashine Tuliyoifunza Hodi

Mpaka leo sijafahamu vizuri vita vilitufikiaje sisi watu wa Wete, ambao ugomvi wetu mkubwa mwaka ule ulikuwa wa mbuzi kuingia kwenye muhogo wa watu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwa mwaka mmoja na kitu nilipokea mshahara kutoka kwenye fungu lililotengwa, kwa maneno ya karatasi zao, kwa ajili ya roboti za uokozi katika maeneo yenye vita. Nikiwaambia watu hivyo walinitazama machoni kuona kama nimelala vya kutosha.

Mimi ni fundi wa kike. Nilisomea umeme na elektroniki, nikarudi Pemba kufundisha kwenye karakana ndogo ya mafunzo, mimi na mwenzangu mmoja, mwanamme wa makamo kutoka Makangale aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio. Tulikuwa tumeunda kigari cha minyororo, kimo chake hakifiki goti, kina kamera na tochi, cha kuingia kwenye makalbi, yale mabomba ya maji yanayoziba chini ya barabara wakati wa mvua. Hatukuwa na makuu. Mtu akakirikodi kikitoka na tope lake, akaitupa video mtandaoni, na baada ya miezi miwili ikatujia barua ya wafadhili wa ng'ambo.

Barua ilisema wanatafuta mafundi wa kuunda mashine ndogo za kupenya kwenye vifusi vya majengo yaliyopigwa mabomu, ziwatafute walio hai ndani, na zizungumze nao kwa lugha yao. Zipo nchi za bara zina vita na watu wake wanasema Kiswahili. Nyinyi mnasema Kiswahili, mna kigari tayari, na kwenu pametulia, majaribio yatafanyika kwa usalama. Nilimsomea mwenzangu barua yote.

"Kwa hiyo tunapewa pesa kwa sababu hatuna vita," akasema, "ili tutengeneze kitu cha vita."

Nikamwambia ndivyo nilivyofahamu mimi.

"Basi mie sijafahamu," akasema, akainamia redio yake.

Fomu zao ndizo zilizonimaliza. Mahali pamoja waliuliza jamii yenu iko umbali gani na mstari wa mapigano. Nikakaa na lile swali tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nikiandika mbali sana, watasema hatuwahusu. Nikiandika karibu, ni uongo, na uongo wa kuombea pesa mimi siuwezi. Mwisho nikaandika kwamba bahari iko katikati. Hawakuuliza tena, na sijui walielewa nini.

Mjini habari zikaenea kwa namna yake. Mwenye duka la vyakula, Mhindi aliyezaliwa pale pale Wete na anayesema Kipemba kuliko mimi, aliniita siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini kama aagize unga zaidi. Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwa sababu nyinyi mnaunda vitu vya kutoa watu kwenye majumba yaliyoanguka, na serikali haiwezi kuacha vitu hivyo viundwe bure bure. Nikamweleza kwamba vita ni vya watu wengine, mbali. Akanisikiliza kwa heshima zote, na wiki ile ile nikaona magunia ya unga yamepangwa mpaka kwenye dari.

Sasa niseme kwa nini nilijitia kwenye jambo nisilolifahamu, maana watu wamesema mengi. Nilijitia kwa sababu ya mama yangu.

Mama ana presha ya macho. Jicho la kushoto limekwenda, la kulia linaona kivuli na mwanga. Daktari alisema lile la kulia litabaki hivyo hivyo iwapo atatiwa dawa ya matone asubuhi, mchana na jioni bila kukosa. Mama hawezi kujitia mwenyewe. Mkono unatetemeka, tone linaangukia shavuni, naye anaona haya kusema limeanguka. Kwa hivyo kila siku, mara tatu, nilikuwa nikitoka karakana kwenda nyumbani, nainua kidevu chake, namtia, nafuta, narudi kazini. Karakana yenyewe ilikuwa haina tena fungu la mishahara. Jamaa yetu mmoja wa Maskati alikuwa amenitafutia kazi ya kuangalia mashine za kliniki, mkataba miaka miwili, na amenishikia nafasi. Nilimwambia asubiri. Wafadhili walikuwa na awamu mbili: ya kwanza kuunda, ya pili kuendeleza kwa miaka mitatu. Tukiipata ya pili, nabaki Pemba na mama. Tukiikosa, naondoka. Mama alijua, mwenzangu alijua, na jamaa wa Maskati alipiga simu kila Ijumaa baada ya sala kuuliza tumefikia wapi.

Tukaunda. Tulibadilisha minyororo, tukaongeza spika na vinasa sauti vinne vya kusikia hata mtu anayekwaruza ukuta kwa kucha. Ikaja kazi ya sauti. Karatasi za wafadhili zilisisitiza sana kwamba watu waliomo kwenye kifusi wameshatishwa vya kutosha, mashine isiwatishe zaidi. Isipige king'ora. Iseme nao kama anavyosema mtu wa kwao, kwa heshima ya kwao.

Hilo, jamani, tulilielewa. Katika karatasi zote zile hilo ndilo neno pekee lililotuingia moja kwa moja. Unaingia kwenye nyumba ya watu, hata kama imeanguka ni nyumba ya watu. Utaingiaje bila hodi? Mwenzangu akarikodi sauti yake, nzuri, ya taratibu, ile ambayo mtu aliyesoma Kurani utotoni huwa nayo. "Hodi." Mimi nikaandika programu. Mashine ikifika kwenye upenyo inasimama, inapiga hodi, inasikiliza kwa muda wa kuhesabu hadi kumi na tano. Ikisikia sauti, kikohozi, kugonga, kitu chochote, inabaki pale pale na kutuita. Isiposikia inapiga hodi ya pili. Kisha ya tatu. Baada ya ya tatu, ikiwa kimya, inageuka na kuondoka kwenda kutafuta upenyo mwingine.

Ninaapa sikufikiri nilipoandika tatu. Haikunijia kwamba ni uamuzi. Tangu nikiwa mdogo nimefunzwa: piga hodi tatu, usipojibiwa rudi zako, usichungulie, usisukume mlango, mwenye nyumba ana sababu yake. Mwenzangu aliipitia programu mstari kwa mstari, naye hakuona kitu. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja kutazama, tukamwonyesha jinsi inavyopiga hodi tatu na kuondoka kwa adabu, akasema mashallah, hii imelelewa. Tuliijaribu miezi minne kwenye gofu moja, nyumba kuukuu iliyoanguka upande wa mbele. Aliyekaa kwenye kifusi ama ni mimi ama ni mwenzangu, na sisi tuliitika kila mara, hodi ya kwanza tu. Basi hatukuwahi kuiona ikigeuka na kumwacha mtu.

Wafadhili wakamtuma mwanamke mmoja kuja kutazama kabla ya kuamua awamu ya pili. Alikuwa mtu mzima, mpole, miguu imevimba kwa safari, na alikuwa ameshafanya kazi kwenye miji iliyobomolewa kweli kweli. Hakuisimulia. Aliuliza tu nani atakaa ndani siku ya jaribio. Tukasema mmoja wetu. Akasema hapana, awe mtu ambaye hajawahi kufanya nasi jaribio hata mara moja.

Nikarudi nyumbani na kichwa kinanizunguka. Nani atakubali kukaa kwenye gofu? Nilikuwa namtia mama dawa ya jioni, nikawa nasema peke yangu, fulani ana mimba, fulani mwoga. Mama akasema nitakaa mimi. Nikakataa. Akasema chumba cha nyuma cha lile gofu ni kizima, analijua tangu wenyewe hawajahamia Uarabuni, na kukaa gizani kwake si kazi, anakaa gizani kila siku. Akacheka. Mama akishacheka namna ile neno limekwisha.

Basi asubuhi yake tukamwingiza kwa mlango wa nyuma, tukamtandikia mkeka, nikamwekea maji na tasbihi yake. Chumba chenyewe tulikuwa tumekitia nguzo mbili za ziada. Mbele ya nyumba ndiko kulikoanguka, na huko ndiko mashine itakakopitia. Nikamwambia, "Mama, ukisikia hodi, itika tu. Sema karibu, basi."

"Nimesikia," akasema.

Saa tatu tukaiachia. Tulisimama uwanjani mimi, mwenzangu, sheha na mgeni, tunatazama kwenye kompyuta. Iliingia vizuri, wallahi. Ilipanda mawe, ikateleza, ikajiinua, ikapita chini ya boriti iliyolala. Mgeni aliinama karibu na skrini. Nikaona ukindu wa mkeka kwenye mwanga wa tochi, roho ikanidunda kwa furaha. Ikasimama kwenye upenyo.

"Hodi."

Nikahesabu kimoyomoyo. Kimya.

"Hodi."

Mwenzangu akaninong'oneza, "Amelala?" Mama halali asubuhi. Nikawaza moyo, nikawaza vumbi, nikawaza zile nguzo mbili. Nilitaka kukimbia, nikajizuia, kwa sababu nikikimbia jaribio limeharibika na Maskati inaningoja. Ndivyo nilivyowaza, na najionea haya mpaka sasa: mama yangu haitiki, nami nimesimama nawaza awamu ya pili.

"Hodi."

Kimya. Mashine ikageuka. Ikarudi ilikopita, chini ya boriti, juu ya mawe, taratibu, ikatoka mpaka uwanjani mbele yetu na kusimama.

Nilifika mlango wa nyuma sijui kwa miguu gani. Mama alikuwa amekaa kitako vile vile nilivyomwacha, tasbihi mkononi, mzima. Wengine wakanifuata.

"Mama, hukusikia?"

"Nimesikia."

"Mbona hukuitika?"

Akauelekeza uso wake kwetu sote. "Sauti ya mwanamme nisiyemjua, na miye nimo ndani peke yangu. Niitike vipi?"

Sheha akatikisa kichwa kukubali, kwamba hapo bibi ana haki yake. Nikamtafsiria mgeni. Nilidhani atacheka, na angecheka mambo yangekuwa mepesi. Hakucheka. Aliniuliza kwa upole kabisa: na aliyezimia? Na mtoto aliyekauka sauti kwa hofu? Na yule ambaye anayepiga hodi mlangoni kwake kila siku ndiye adui, akajifunza kunyamaza? Mashine yenu inawaacha?

Nikasema ndivyo inavyofanywa kwetu, ukipiga hodi tatu usijibiwe, unaondoka. Nilipolisema kwa Kiingereza nililisikia kwa mara ya kwanza. Kwetu asiyeitika ana sababu zake. Kule, asiyeitika ndiye hasa anayetafutwa. Tulikuwa tumeunda, kwa pesa za uokozi, mashine inayowaacha wanaohitaji kuokolewa, tena inawaacha kwa adabu. Mgeni akaandika maneno machache, akanishika bega, akamsaidia mama kuinuka.

Usiku sikulala, kwa hasira. Nina hasira za karibu, kila mtu anajua, lakini zile zilikosa pa kwenda. Nimkasirikie mama, aliyefanya alilofunzwa kila mwanamke wa rika lake? Nijikasirikie mimi, niliyeandika tatu bila kufikiri? Au wao, waliosema iwe na heshima ya kwenu, tukaitia, kisha ikawa ndiyo kosa? Kila nikimshika mmoja anateleza.

Siku mbili tulibadilisha kila kitu. Nikarikodi sauti yangu mimi ili pawe na sauti ya kike, nikaandika upya kwamba isiposikia kitu isiondoke, isogee, iangaze, ituite. Tukawatumia video. Wakajibu asante. Wiki tatu baadaye ikaja barua yenyewe: wameguswa na kazi yetu, wameamua kutoendelea. Mashine iliundwa juu ya dhana kwamba anayenyamaza hataki kufikiwa, na wana wasiwasi dhana za namna hiyo zinaweza kuwa nyingi ndani yake bila wenyewe kuziona. Nadhani walisema kweli. Sijui. Mwenzangu aliisoma barua ile akasema, "Sasa wanatukatalia mashine au wanatukatalia sisi?" Nikamwambia anipe kikombe cha chai.

Nilimpigia jamaa wa Maskati. Mke wa kaka yangu akakubali kuhamia kwetu kutoka Mkoani, nikamfunza matone, namna ya kuinua kidevu. Mkono wake mzito kuliko wangu, lakini mama hakulalamika. Hakulalamika jambo lolote siku zile, na hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Kulikuwa na kitu kikinikera. Kilianza kidogo, nikikunja nguo, kikawa hakiniachi. Sauti ile ni ya mwenzangu. Mwenzangu amekula kwetu kila Jumatano kwa miaka sita. Mama haoni, watu anawajua kwa sauti, hata kwa kikohozi, hata kwa namna mtu anavyovua viatu barazani. Mara ngapi mwenzangu amepiga hodi uani na mama akaitika kwa jina lake kabla hajamaliza? Nisiyemjua, alisema. Hamjui vipi?

Usiku wa kuamkia safari nilikuwa chumbani kwake nafunga sanduku. Alikaa kitandani anasikiliza zipu. Nikamwuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka.

Hakuudhika. Alinyoosha khanga yake magotini kwanza.

"Nilimjua," akasema.

"Sasa?"

"Unakumbuka wale wa kisima? Walikuja hapa, wakapima, wakachimba, maji hayatoki. Walirudi. Wakaja tena. Mwaka mzima wapo, tukiwapikia. Siku maji yalipotoka, siku ile ile, wakapiga picha, wakapakia gari, wakenda zao. Na wale wa mwani hivyo hivyo. Kitu kikikubali, wageni wanaondoka. Kikikataa, wanarudi. Nikasema, nikiitika, watu hawa watasema mashine imeshakuwa, kazi imekwisha, kwaherini. Nawe utakwenda Maskati. Nikinyamaza watasema bado haijesha, wabaki hawa watengeneze."

Nikaacha kufunga sanduku.

"Hodi ya tatu ilinishinda," akasema. "Nilimhurumia. Ilikuwa nimwitike, neno liko hapa. Nikajiziba mdomo kwa mkono."

Akanionyesha, akaweka kiganja mdomoni mwake namna alivyofanya kule ndani. Nikakaa chini, juu ya sanduku. Nilitaka kupiga kelele na nilitaka kumbusu mkono ule, na yote mawili yalikuwa hasira ile ile. Ningemwambia nini? Kwamba neno moja, karibu, lingetosha? Angeitika, mashine ingebaki pale, mgeni angefurahi, asingegundua kosa langu la hodi tatu, na huenda leo tungekuwa na awamu ya pili. Na huenda siku moja, kwenye nchi ya watu, kigari chetu kingefika kwa mtu aliyezimia, kikapiga hodi tatu, kikaondoka. Hilo nalo nililifikiri pale pale juu ya sanduku, na sikuwa na nguvu ya kulifikiri mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Ningekwambia ungenikubalia?"

Nikamwambia barua ile haikutokana na yeye. Nikamwambia walikataa kwa sababu ya nilivyoandika mimi, na kwamba angeitika au asingeitika ingekuwa vile vile. Naandika haya Maskati, nimeshakaa miezi minane, na bado sijui kama usiku ule nilimwambia mama kweli au nilimdanganya.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza mkataba ni miaka mingapi, na alikuwa anajua.

"Miwili," nikasema.

"Haya," akasema, akaniambia nilaze zipu vizuri isije ikafunguka njiani.